Mawe Yaliyo Ndani ya Sikio Lako

Wewe unayechimba dhahabu Namoya, katika Kabambare, na wewe uliye Kasongo unayemngoja mume arudi, mnayajua mawe. Je, mlijua ya kuwa ndani ya sikio mna mawe pia?

Yamefichwa nyuma ya ngoma ya sikio, ndani ya mfupa mgumu. Kijiwe kimoja kina urefu wa karibu sehemu 1 ya 100 ya milimita. Hadubini inaonyesha umbo la pipa lenye pande 6, na kila ncha ina nyuso 3. Ni kalsiti, madini yale yale ya jiwe la chokaa, ila hapa mwili umetia protini kidogo ndani yake. Mbuzi na panya wanavyo vilevile.

Unapoosha mchanga, dhahabu nzito inabaki chini. Vijiwe hivi navyo ni vizito kuliko maji ya sikio, tena vimelala juu ya utando laini kama uji ulioganda. Ukiinamisha kichwa vinateleza kidogo, vinavuta vinyweleo vilivyo chini yake, na ubongo unajua chini ni wapi, hata gizani shimoni.

Shida ni vikibanduka. Kwa uzee, kwa pigo la kichwa, au bila sababu inayojulikana, vinaingia katika mifereji inayopima mzunguko wa kichwa. Mtu akigeuka kitandani, nyumba yote inazunguka, mara nyingi chini ya dakika 1, kisha inatulia.

Nilipata kumwona mchimbaji aliyerudishwa nyumbani na kapita, eti amekunywa lotoko. Hakunywa. Majirani nao wakasema amerogwa! Nilimlaza, nikamgeuza kichwa polepole, upande huu kisha ule, mpaka vijiwe vikatoka mferejini. Siku ya tatu alipanda ngazi.

Mama, ukimwona mume anashika ukuta akiamka, asishuke shimoni siku hiyo. Juu ya ngazi, sekunde 20 za kizunguzungu zinatosha kumwangusha. Mlete dispanseri. Lakini akiwa amepigwa kichwani, au anatapika bila kukoma, ulimi mzito, mkono umelegea, usidhani ni vijiwe: apelekwe hospitali saa ile ile, na mtu asimgeuze shingo.