Je, Wajua? Paka Ana Meno Machache Kuliko Wewe

Paka mzima ana meno 30. Mtu mzima ana 32. Mbwa anawapita wote: 42. Hesabu hiyo ni ileile kwa paka na mbwa wa nyumbani, na kwa wengi wa jamaa zao wa porini. Simba wa Virunga ana 30. Mbwa mwitu wa Ruaha ana 42.

Taya la paka hupanda na kushuka tu, haliendi kando. Kwa hiyo hawezi kusaga chakula. Mpe nyama umtazame: huinamisha kichwa upande, kwa sababu meno yake ya kukatia yako nyuma, shavuni. Jino la juu hupita ubavuni mwa lile la chini kama mkasi. Vipande humezwa jinsi vilivyo.

Ulimi wake ndio ajabu kubwa zaidi. Umejaa vijiba vigumu vya keratini, dutu ileile ya kucha, vilivyopinda kuelekea kooni. Ncha za vijiba hivyo zina mvungu unaobeba mate hadi kwenye ngozi, chini ya manyoya, paka anapojilamba. Na ulimi huo hauonji utamu wa sukari kabisa! Mbwa anauonja.

Lakini mate hayo, ya mbwa au ya paka, yaweza kubeba kichaa cha mbwa. Ukiumwa au kuparuzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo ukaulizie chanjo.