NKG2D
NKG2D ni protini ya binadamu iliyo kwenye utando wa seli za NK, yaani seli nyeupe za damu zinazoua seli zenye virusi au kansa. Inatokana na jeni KLRK1 iliyopo katika kromosomu 12. Hupatikana pia kwenye seli T za aina ya CD8.

Seli iliyodhurika huonyesha juu yake protini kama MICA na MICB, ambazo ni adimu kwenye seli nyingi zenye afya. NKG2D ikizishika, protini DAP10 hupeleka ishara ndani na seli ya NK hushambulia.

Hata hivyo, baadhi ya seli za kansa hukata MICA zao na kuzimwaga katika damu. Vipande hivyo hushikana na NKG2D na kuipunguza, hivyo kansa hukwepa kinga ya mwili.