Taarifa za Mtu Zivukapo Mpaka
Mwaka 1989 kampuni ya magari ya Fiat ilikusudia kupeleka taarifa za wafanyakazi wake wa Ufaransa makao makuu, Torino. Ufaransa ilikuwa na sheria ya kulinda taarifa za watu tangu 1978. Italia haikuipata yake hadi 1996. Hivyo ulinzi ungekoma mpakani, ingawa mfanyakazi mwenyewe hakusafiri. Tume ya Ufaransa inayosimamia sheria hiyo haikukataza. Ilidai mkataba, ili makao makuu yajifunge kufuata masharti ya Ufaransa. Njia hiyo ingali ikitumika Ulaya. Lakini mkataba hauifungi serikali ambayo haikuutia sahihi. Kwa sababu hiyo, mwaka 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mpelekaji sharti achunguze kwanza kama sheria za nchi ya pili zinaruhusu mkataba huo utimizwe.