Makaa Bila Kukata Mti
Vumbi la mbao linalorundikana kwenye viwanda vya kupasua mbao lina kazi jikoni. Mjini Nakuru, kampuni ya maji ya NAWASSCO, kupitia NAWASSCOAL, hulichanganya na uchafu wa vyoo kutengeneza makaa ya mviringo. Uchafu hukaushwa kwa jua, kisha huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo. Joto huua viini na kuondoa harufu. Vumbi nalo huchomwa. Vyote husagwa, hushikanishwa kwa molasi na kuviringishwa. Hivyo uchafu hauishii mitoni wala ziwani, na mti hauangushwi kwa ajili ya jiko.

Tahadhari: kama makaa mengine, haya hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Pika dirisha likiwa wazi, na usilale jiko likiwa chumbani.