Maziwa ya Steringi, Saa Kumi Alfajiri

Nilikuwa natafuta habari nyingine kabisa nilipoiona picha ya kijana aliyekwea mianzi usiku wa manane, anamwogesha Rajinikanth, nyota wa filamu za Kitamil, kwa maziwa. Si Rajinikanth mwenyewe, bali bango lake lililokatwa umbo la mtu, refu kupita ghorofa, mbele ya jumba la sinema mjini Chennai, India. Tangu siku ile sijatulia. Maziwa ni riziki ya watoto. Vipi yamwagwe juu ya ubao?

Nikamtafuta fundi mitambo mmoja Mtamil anayefanya kazi hapa Dar es Salaam, mtu aliyemalizia ujana wake kwenye foleni za majumba hayo ya sinema. Kwao, alinieleza, sanamu ya hekaluni huogeshwa maziwa, na vijana wameichukua heshima hiyo wakampa steringi wao. Hakuna anayemdhania kuwa Mungu. Wanajua fika alikuwa kondakta wa basi Bangalore, na ndiyo maana wanampenda.

Mashabiki wa mtaa huchangishana. Maziwa ya Chennai huja katika pakiti laini za nusu lita, na anayepanda hung'ata pembe ya pakiti kwa meno, maana mkono mmoja umeshika mwanzi. Pakiti ya kwanza ni ya uso. Maziwa hushuka kwenye miwani myeusi, yakafuata kola, yakawadondokea walio chini, na hakuna anayekwepa. Kisha kafuri huwashwa juu ya nazi, nazi ikazungushwa mbele ya bango na kupigwa chini ipasuke. Ngoma zinalia. Milango, miaka ile, ilifunguliwa saa kumi alfajiri.

Ndani, kabla ya hadithi, skrini huwa nyeusi. Vitone vya mwanga vinajipanga herufi moja baada ya nyingine hadi jina SUPER STAR litimie, utaratibu ulioanza na filamu ya Annaamalai mwaka 1992. Kila herufi ina kelele yake. Fundi alinionyesha kwa vidole mezani, herufi kwa herufi, na sauti ikampanda. Maneno ya filamu hayasikiki, alisema. Miluzi na vipande vya karatasi vinavyorushwa hewani vimeyameza. Hadithi utakuja kuifuata mchana na mkeo. Usiku umekuja kwa ajili ya wenzako, watu usiowajua majina wanaokukumbatia kama ndugu. Filamu yake ya Kabali ilipotoka, tarehe 22 Julai 2016, baadhi ya kampuni za Chennai ziliwapa wafanyakazi mapumziko.

Halafu vifo. Januari 2023, filamu ya Thunivu ya nyota mwingine, Ajith Kumar, ilianza saa saba usiku, na nje ya jumba moja shabiki kijana aliruka kutoka juu ya lori akafa. Serikali ya Tamil Nadu, jimbo la Chennai, ikabana: onyesho la kwanza lisianze kabla ya saa tatu asubuhi. Agosti mwaka huo Jailer ya Rajinikanth ilianza saa kumi na mbili asubuhi Bangalore, katika jimbo jirani, na waliokosa subira wakavuka mpaka wa jimbo kuifuata. Desemba 2024, Hyderabad, mama mmoja alikufa katika msongamano wa onyesho la usiku la filamu ya Pushpa 2 na mwanawe akaumia vibaya. Nyota wa filamu, Allu Arjun, alikamatwa. Lawama ni ya nani hasa: mwenye jumba, polisi, nyota aliyekuja kujionyesha, au umati wenyewe?

Fundi hakuwatetea mashabiki. Alikubali saa tatu ni salama zaidi, ila saa tatu, alisema, unaingia kama mteja. Saa kumi alfajiri unaingia kama mwenye nyumba. Mimi namwamini, na bado yule mama simsahau.

Mpwa wa fundi aliyeko Chennai anapanga kwenda Bangalore filamu ijayo ikitoka. Dada yake fundi amempigia simu kumtaka amkataze kijana. Mpaka tunaachana, fundi alikuwa hajampa jibu.