Adabu za Njiani Baada ya Mpira

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, mwezi huu twapenda kuzungumza na wazazi na vijana juu ya jambo ambalo wengi hulidhania dogo, nalo limekwisha kutoa roho za watu wengi duniani. Nalo ni mwendo wa washabiki wa mpira baada ya mchezo kwisha, wawapo njiani, katika stendi za magari na katika stesheni za treni.

Hatukukusudia kuuharimisha mpira. Mchezo unaoupa mwili nguvu, usiompotezea mtu sala yake, wala usio na kamari ndani yake, hauna ubaya. Mtume wetu (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha, na farasi walishindanishwa Madina kwa amri yake. Maneno yetu si juu ya dakika tisini za uwanjani. Ni juu ya ile saa moja au mbili zinazofuata, wakati mwamuzi amekwisha kupiga filimbi, na wachezaji wamekwisha kupeana mikono, na maelfu ya watu wanatoka kwa pamoja, nusu yao wana furaha na nusu wana uchungu, na wote wanakwenda mahali pamoja kutafuta chombo cha kuwarudisha kwao.

KUTOKA NDIKO KWENYE HATARI

Tarehe 2 Januari 1971, katika mji wa Glasgow, Scotland, timu mbili zilizo mahasimu wa siku nyingi, Rangers na Celtic, zilicheza katika uwanja wa Ibrox na kutoka sare, moja kwa moja. Watu walipokuwa wakishuka ngazi kwenda zao, baadhi yao walianguka, na waliokuwa nyuma, kwa kuwa hawakuona yaliyotokea mbele, waliendelea kushuka. Watu 66 walikufa katika ngazi hizo, na wengi miongoni mwao walikuwa vijana. Hapakuwa na vita siku ile, wala hapakuwa na aliyekusudia shari. Kundi la watu lenyewe, kwa uzito wake, lilitosha kuua.

Na kwetu Afrika Mashariki tusidhani tumesalimika. Tarehe 23 Oktoba 2010, katika uwanja wa Nyayo, Nairobi, watu 7 walipoteza maisha katika msongamano, siku ambayo Gor Mahia na AFC Leopards walikuwa wakicheza. Basi ikiwa kundi lisilo na uadui huweza kuua, itakuwaje kundi hilo likitiwa chuki, matusi na ulevi?

WENZETU WALIVYOPANGA

Nchi ya Uingereza ilionja uchungu huu kwa miaka mingi, hasa katika miaka ya 1970 na 1980, wakati washabiki walipokuwa wakisafiri kwa treni kufuata timu zao, na stesheni zikawa viwanja vya kupigana. Reli za England, Wales na Scotland zina polisi wao wenyewe, waitwao British Transport Police, na kazi kubwa ya polisi hao siku za mpira ni kulinda watu katika majukwaa na ndani ya mabehewa.

Mpango wao unafaa kujulikana. Kwanza, hujitahidi kuwatenga mahasimu: wageni hupokewa stesheni, na mara nyingine huzuiwa ndani ya uwanja baada ya mchezo mpaka wenyeji wapungue njiani. Pili, wakati wa msongamano watu husimamishwa nje ya stesheni na kuingizwa kwa makundi, ili jukwaa lisijae kupita kiasi watu wakasukumana wakaanguka relini. Tatu, wako askari waliowekwa makusudi kuwajua washabiki wa klabu fulani kwa sura na kwa majina, wakasafiri pamoja nao. Na mtu ajuaye kuwa anajulikana huona haya kufanya baya. Nne, mahakama, kwa sheria ya mwaka 1989, ina uwezo wa kumzuia mfanya ghasia asihudhurie mpira kwa miaka mitatu mpaka kumi, na huweza kumkataza hata kukaribia stesheni au kupanda treni siku za mchezo. Timu ya taifa ikicheza nje ya nchi, mtu huyo huamriwa kusalimisha pasipoti yake.

La tano ndilo tunalotaka Mwislamu alitazame sana. Mwezi wa Mei 1980 washabiki wa Celtic na Rangers waliingia uwanjani Hampden wakapigana mbele ya dunia nzima, na mwaka huo huo Scotland ikatunga sheria ya kuzuia pombe viwanjani na katika magari ya kukodi yanayowapeleka watu mpirani. England na Wales wakafuata mwaka 1985. Watu hao si Waislamu, na pombe kwao ni biashara kubwa na ni desturi ya mababu. Lakini walipohesabu majeruhi wao walikiri kwa sheria kwamba ulevi na mkusanyiko wa watu havikai pamoja. Sisi tuliambiwa jambo hilo zaidi ya miaka elfu moja na mia tatu kabla yao, kwamba kwa ulevi na kamari shetani hutia uadui na chuki baina ya watu. Basi ni aibu iliyoje kumwona kijana wa Kiislamu siku ya mpira ana chupa mkononi na mkeka wa kamari mfukoni!

STESHENI NI YA WATU WOTE

Tarehe 17 Februari 2015 timu ya Chelsea ya London ilikuwa Paris kucheza na Paris Saint-Germain. Jioni hiyo, katika stesheni ya treni za chini ya ardhi iitwayo Richelieu-Drouot, mtu mmoja Mweusi, mkazi wa mji ule, alitaka kuingia katika treni arudi kwake. Washabiki wa Chelsea walimsukuma nje. Alipojaribu tena walimsukuma tena, huku wakiimba na kujifaharisha kwa ubaguzi wao. Mpita njia mmoja alilipiga picha tendo hilo, na dunia nzima ikaliona. Mwezi wa Januari 2017 mahakama ya Paris iliwahukumu watu wanne vifungo vya nje, na ikawaamuru kulipa fidia. Mmoja wao aliwahi kuwa polisi.

Tuzingatie mambo mawili. La kwanza: mwaka ule ule Chelsea ilikuwa na Didier Drogba, Mwafrika wa Ivory Coast, na washabiki wa Chelsea walikuwa wakiliimba jina lake. Mapenzi ya jezi hayamfundishi mtu kumpenda binadamu mwenziwe. Humfundisha kumpenda anayemfungia mabao tu. La pili: aliyedhulumiwa hakuwa mshabiki wa upande wa pili, wala hakuwa na habari na mpira wao. Alikuwa abiria. Stesheni haikuwa mali ya Chelsea wala ya Paris. Ni mahali pa mfanya kazi aliyechoka, pa mama mwenye mtoto mgongoni, pa mgonjwa atokaye hospitali.

Jambo hili katika dini yetu lina mlango wake. Mtume (S.A.W.) aliwaonya masahaba wasikae njiani, na walipomwambia kuwa hawana budi na mabaraza yao, aliwaamrisha waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Tupime mwendo wa washabiki wetu kwa mizani hii. Je, anayewapigia miluzi wanawake stendi ameinamisha macho? Anayening'inia mlangoni mwa daladala akiwatukana wapitao amezuia maudhi? Anayemnyang'anya mwenziwe jezi na kuichana, wenzake wakicheka, ni nani hapo aliyekataza uovu?

ASKARI NAO WANA DHAMANA

Lakini si haki kuwalaumu vijana peke yao. Tarehe 1 Oktoba 2022, katika mji wa Malang, nchini Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi mno, timu ya Arema ilifungwa nyumbani na Persebaya ya Surabaya, mabao matatu kwa mawili. Washabiki wa Persebaya walikuwa wamezuiwa kuja, kwa kuogopa ghasia. Kwa hiyo uwanjani hamkuwa na mahasimu wawili. Baadhi ya washabiki wa Arema waliingia kiwanjani, na polisi wakapiga mabomu ya moshi wa kutoa machozi, mengine yakaangukia majukwaa yaliyojaa watu. Wote walikimbilia milango, nayo ilikuwa myembamba, wakakanyagana na kukosa pumzi. Walikufa watu 135, wakiwamo watoto, na askari wawili. Taratibu za FIFA zilikuwa zimekwisha kukataza moshi huo kutumika viwanjani. Baadaye baadhi ya wasimamizi na maofisa wa polisi walitiwa hatiani.

Yaliyotokea Malang yalifanana na yale ya Accra, Ghana, ya tarehe 9 Mei 2001. Hearts of Oak waliwafunga Asante Kotoko, washabiki waliokasirika wakang'oa viti na kuvirusha, polisi wakapiga moshi, milango ikawa imefungwa, na watu zaidi ya 120 wakafa. Kutoka Accra mpaka Malang ni miaka ishirini na mmoja, na somo lilikuwa lile lile.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Afisa aliyepewa uwanja au stendi siku ya mpira amepewa kundi la binadamu. Rungu na moshi ni vya mwisho, na mlango ulio wazi ni bora kuliko vyote viwili. Na kwa upande wake raia naye ajue kwamba askari asemaye "ngoja kidogo" penye ngazi huenda anaokoa roho asizoziona. Kungoja huko ni subira, na subira ina malipo.

WITO ULIONUKA

Katika safari moja ya vita, mtu wa Muhajirina alimpiga mtu wa Ansari. Aliyepigwa akawaita Ansari wenzake, na aliyepiga akawaita Muhajirina wenzake, watu wakakaribia kushikana. Mtume (S.A.W.) aliposikia alikasirika, akauliza vipi unaitwa wito wa kijahili, akawaamuru wauache kwa kuwa ni wito unaonuka. Na mnafiki Abdullah bin Ubayya naye alipata nafasi yake ya kuchochea fitina.

Ndugu, Ansari na Muhajirina ni majina yaliyosifiwa na Mwenyezi Mungu ndani ya Kurani. Hayana aibu yoyote. Lakini yalipogeuzwa kuwa wito wa kumkusanyia mtu jeshi, bila kuuliza nani ana haki, yalinuka. Itakuwaje basi majina ya klabu? Yanga imeanza mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Ni klabu za watoto wa mji mmoja, na mara nyingi za watoto wa nyumba moja. Lakini sisi tulio waalimu wa chuoni twaona: siku ya pili ya mchezo wao, watoto wanaojifunza Kurani juu ya mkeka mmoja hukataa kukaa pamoja, na mdogo wa miaka saba humwita mwenziwe kwa jina la kumdhalilisha alilolisikia kwa baba yake. Katika Suratul Hujurati tumekatazwa watu kudharau watu wengine, kwani huenda wanaodharauliwa wakawa bora. Mtoto huisoma aya hiyo kwa tajuwidi nzuri, kisha akifika nyumbani husomeshwa kinyume chake.

Na kuhusu kushindwa, Mtume (S.A.W.) alikuwa na ngamia jike aliyeitwa Adhbaa, asiyepata kushindwa mbio. Siku moja akaja bedui na ngamia wake kijana akamshinda, na Waislamu wakaona uzito. Mtume akawaeleza kwamba ni haki ya Mwenyezi Mungu kutokiinua kitu cha dunia ila hukishusha. Ngamia wa Mtume ameshindwa, na bedui amerudi na ngamia wake kwa amani. Ni timu gani itakayokataa kushindwa?

YATUPASAYO KUFANYA

Nchi za Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa mwaka 2023 dhamana ya kuandaa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Wageni watatupima kwa stendi zetu kama watakavyotupima kwa viwanja vyetu. Basi twawausia wazazi haya.

Baba asimpeleke mtoto mdogo mpirani ila akiwa amemshika mkono, na wakubaliane mapema mahali pa kukutana wakipoteana. Wasikimbilie lango mchezo unapokwisha. Wakae kitako mpaka watu wapungue. Michezo mingi mikubwa humalizika karibu na Magharibi: basi ijulikane tangu nyumbani ni msikiti upi ulio njiani. Atakayeingia kusali, kisha akatoka, ataikuta stendi imetulia, na atakuwa amepata faida mbili.

Na kijana akimwona mwenziwe wa jezi moja anamwonea mtu, asiseme "huyu ni wetu". Mtume (S.A.W.) alituamrisha kumsaidia ndugu yetu akidhulumu au akidhulumiwa, na masahaba walipouliza vipi atasaidiwa anayedhulumu, aliwajulisha kuwa ni kwa kumshika mkono asidhulumu. Huo ndio ushabiki wa Mwislamu: kumvuta mwenziwe nyuma, na kumpisha abiria apande gari lake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa katika misongamano hiyo, awape subira wazazi wao, na awarudishe watoto wetu majumbani wakiwa salama, wameshinda au wameshindwa. Amin.

Wabillahi taufiki.