Picha haionekani kwenye folda? Usiifute!

Wadau, nawaona watu kafe wanafuta mafaili ya PSD na HEIC eti "yameharibika", kisa folda inaonyesha ikoni tupu. Sio hivyo jamani! Windows inaangalia herufi za mwisho wa jina la faili, kisha inaita programu ndogo inayojua kulisoma na kuchora kipicha. Programu hiyo isipokuwepo, utaona ikoni tu. Kubadilisha jina liwe .jpg hakusaidii, ndani faili ni lile lile.

iPhone nyingi zinahifadhi HEIC tangu iOS 11 ya 2017. Nenda Settings, Camera, Formats, chagua Most Compatible. Picha mpya zitakuwa JPEG. Za zamani ziache kwenye flashi mpaka upate kompyuta inayozisoma.

Mnasemaje wadau?